Siku 56 bila jembe: barua ya wazi kuhusu fildi ya wanafunzi wetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, na Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira.
Nakala kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) na Chama cha Waajiri Tanzania.

Waheshimiwa,

Salaam na heshima. Mimi ni mkufunzi wa umeme katika chuo cha ufundi cha kati, na huu ni mwaka wangu wa 17 kazini. Kila Agosti chuo hunipa gari, dereva na orodha ya wanafunzi walioko fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kwa waajiri, ili nikawakague. Mwaka jana orodha ilikuwa na majina 31 katika sehemu 14, kuanzia Kibaha mpaka Ifakara, na nilipewa siku tano kuwamaliza wote. Toa muda wa barabarani, toa muda wa kusubiri getini mlinzi apige simu ofisini, toa salamu na kusaini kitabu cha wageni: mwanafunzi mmoja anabakiwa na dakika 20, akibahatika. Katika dakika hizo natakiwa nijue kama miezi miwili imemsogeza kuwa fundi.

Siku ya tatu nilifika kwenye kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Nilimkuta binti yetu wa mwaka wa pili, miongoni mwa wale ambao darasani huuliza swali kabla sijamaliza sentensi, amekaa masjala akipanga mafaili. Mbele yake kulikuwa na rejista ya barua zinazoingia. Logibuku yake, daftari la kuandika kazi za kila siku ya fildi, ilikuwa imejaa vizuri: siku 33 zimeandikwa, siku 33 zimesainiwa, saini zote kwa kalamu moja na kwa mkupuo mmoja, asubuhi ileile waliposikia nakuja. Nikamuuliza, "Umegusa nini tangu ufike hapa?" Akainamisha uso. "Madam, nimebadilisha taa mbili za korido. Na siku moja niliruhusiwa kumshikia fundi ngazi."

Upande wa pili wa ukuta mota zilikuwa zinanguruma, kubwa na ndogo, zaidi ya ambazo chuo chetu kitaweza kununua katika maisha yangu. Na hapakuwa na mtu mwenye nia mbaya. Afisa utumishi alimpokea kwa sababu barua ya chuo ilifika na nafasi ilikuwepo, akamweka penye kiti kilichokuwa wazi. Fundi mkuu naye hakunificha: "Madam, nina mafundi wanne na laini tatu za uzalishaji. Nikimtoa mmoja akafundishe, nani atashika spana?" Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali lake tangu siku ile, na barua hii imetokana nalo.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi wetu siku ya 56 bado ni mgeni.

Hiyo 56 nimeitoa kwenye mwongozo wa mikopo. Mwanafunzi aliyepangiwa fedha za mafunzo kwa vitendo amekuwa akihesabiwa shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56, jumla shilingi 560,000. Chuo nacho kinahesabu wiki nane. Logibuku ina kurasa za siku. Mwajiri anahesabu mahudhurio, kwa sababu ndicho kitu tulichomwomba athibitishe kwa mhuri. Kila mtu katika mnyororo huu anahesabu siku, na kila mtu anazihesabu kwa usahihi. Kazi ambayo mwanafunzi ameifanya kwa mkono wake mwenyewe kuanzia mwanzo mpaka mwisho haihesabiwi popote, wala mtu aliyemfundisha kuifanya. Maombi yangu yote hapa chini yanatokana na hilo moja.

Niruhusuni nieleze ninachokiita kufundishwa, maana mimi nilikipata. Mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi, nilipelekwa fildi kwenye kiwanda cha nguo. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa mota, aliyebakiza miaka michache astaafu. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kugusa kitu isipokuwa kufuli. Kila mota iliyokuwa inafunguliwa kwa matengenezo, kazi yangu ilikuwa kwenda kwenye swichi yake, kukata umeme, kufunga kufuli, na kutia ufunguo mfukoni mwangu. "Ufunguo ukiwa kwako, binti, mimi naingiza mkono," aliniambia. "Ukimpa mtu mwingine, umeniua." Nilikuwa na umri wa miaka 21 na sijawahi kushika uhai wa mtu. Usiku nilikuwa naangalia ule mfuko wa ovaroli kama una tundu.

Wiki ya pili akanipa kipimo kiitwacho mega, akanifundisha kupima insulesheni, ile kinga ya waya za koili, kabla ya mota kurudishwa kazini, na kusoma usomaji unaosema "bado ina unyevu" na ule unaosema "imekufa". Wiki ya nne akaniwekea mezani mota iliyoungua. Akasema, hii ni yako. Nilihesabu mizunguko ya waya ya koili za zamani kabla ya kuzikata, nikachora zilivyounganishwa, nikapima unene wa waya kwa maikromita, nikakata karatasi za kuwekea ndani ya mifereji, nikasuka, nikafunga, nikatia vanishi, tukaikausha. Tulipoiwasha ilinguruma vibaya na haikushika mwendo. Akaizima upesi. Hakunifokea wala hakunionyesha kosa. Alivuta kiti, akaniambia nilitafute. Nililitafuta siku mbili. Kundi moja la koili nilikuwa nimeligeuza mwanzo kuwa mwisho. Leo nikisimama mbele ya darasa kueleza mpangilio wa koili, ninachofundisha kwa kweli ni zile siku mbili.

Mzee yule alikuwa ameishia darasa la saba na hakuwa na cheti cha aina yoyote. Kwa hiyo hakuruhusiwa kusaini. Logibuku yangu ilisainiwa na mhandisi mwenye shahada, mtu mwema, ambaye tulionana mara tatu. Jina la aliyenifundisha halimo kwenye karatasi yoyote ya chuo changu, na hakulipwa hata senti kwa ziada ile ya kazi.

Waheshimiwa, nafahamu kwamba jambo hili nchi hii haikuanza kulifikiria jana. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa 1967. Azimio la Musoma la 1974 lilikwenda mbali hata likataka kijana afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na ukaachwa, lakini swali lililouzaa halijaondoka. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, mpaka sekondari. Mradi wa kuboresha elimu ya juu, HEET, wa dola milioni 425, umewataka wenye viwanda wakae na vyuo vikuu wakati mitaala inatengenezwa. Mitaala yetu ya NACTVET imeandikwa kwa misingi ya umahiri. Kwenye karatasi tumeshasema karibu kila linalopaswa kusemwa. Ninachokiona kila Agosti ni kwamba karatasi hizo zinaishia getini kwa mwajiri, na ndani ya geti mtoto anapokelewa na mtu ambaye hakuambiwa lolote, hakupewa lolote, na ana kazi zake.

Tazameni wenzetu wa afya. Mwanafunzi wa ukunga ana daftari linalohesabu wajawazito aliowapima na uzazi alioushughulikia chini ya uangalizi, na akipungukiwa hamalizi, hata kama amehudhuria kila siku asubuhi. Daktari akimaliza shahada anaingia utarajali wa miezi 12, anazungushwa idara kwa idara, na juu yake kuna mtu anayewajibika kwa kila mgonjwa anayemgusa. Sisemi kwao kumenyooka. Wodi za hospitali kubwa zimejaa wanafunzi, na wapo wanaochungulia kitanda kwa juu ya mabega ya wenzao. Lakini angalau kitabu chao kinauliza swali sahihi. Kwa nini mkono utakaofunga umeme wa wodi hiyohiyo uulizwe siku ngapi ulikuwepo, na usiulizwe umefunga nini?

Ombi la kwanza, basi, halina gharama kubwa: TCU na NACTVET wafute logibuku ya siku na kuweka ya kazi. Kwa fani yangu naweza kuiandika leo jioni. Amekata umeme na kufunga kufuli kwa usalama mara kadhaa mbele ya fundi. Amepima insulesheni. Amefunga stata ya sta-delta, kifaa cha kuwashia mota kubwa kwa hatua, kuanzia mchoro mpaka mota inazunguka. Amefuatilia hitilafu ambayo hakuisababisha yeye, akaipata. Kazi kumi na mbili hivi zinatosha kwa miezi miwili. Kila moja isainiwe siku ilipofanyika, na aliyesimama pembeni yake, awe na shahada au asiwe nayo. Akizimaliza kwa wiki sita, heri. Asipozimaliza kwa wiki nane, chuo kijue mapema, kabla ya cheti.

Hapa najua nitapingwa: fundi asiye na cheti atasainije kazi ya mwanafunzi wa stashahada? VETA tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Mafundi seremala, waashi, mafundi magari na wapishi wamepimwa kwa utaratibu huo na kupewa vyeti kwa kile wanachokiweza. Ongezeni hatua moja: fundi aliyetambuliwa akipenda apewe wiki moja au mbili za kujifunza namna ya kumfundisha mwingine, katika Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi kilichopo Morogoro au kwa wakufunzi kumfuata alipo, kisha asajiliwe kwa jina kuwa fundi mfundishaji. Nina hakika ningewapata arobaini ndani ya mkoa wetu tu, na nusu yao wanafanya kazi hiyo tayari, bure, kwa sababu ndivyo walivyolelewa na mafundi wao.

Ombi la pili ni fedha, na ndilo kubwa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile ambayo wahasibu wote wanaiita SDL. Miaka ya nyuma ilifika asilimia 6 ya mishahara. Imepunguzwa hatua kwa hatua, na Julai 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5. Waajiri niliozungumza nao wananiambia neno lilelile: tunalipa ujuzi kila mwezi, na bado mnatuletea watoto tuwafundishe kwa gharama zetu. Wana haki ya kusema hivyo. Tozo hiyo imekuwa ikisaidia VETA na kugharimia mambo mengine ya elimu, ikiwemo mikopo, na sitaki chuo hata kimoja cha VETA kipungukiwe. Naomba fungu dogo litengwe kwa ajili ya mtu mmoja aliyesahaulika, fundi mfundishaji, na alipwe posho kwa kila mwanafunzi anayemfikisha mwisho wa orodha ya kazi.

Baadhi ya wenzangu wanapendekeza mwajiri apewe nafuu ya kodi badala yake. Mimi naipinga njia hiyo. Nafuu itaishia kwenye vitabu vya mhasibu na fundi hatajua kama ilikuwepo. Fedha imfikie kwenye simu yake, kwa jina lake, baada ya kazi kukaguliwa. Hapo fundi mkuu wa kile kiwanda ataweza kujibu swali lake mwenyewe, kwa sababu atakuwa na mafundi watatu wanaogombania mwanafunzi.

Ombi la tatu ni kalenda, na hili linaniuma kwa sababu halihitaji fedha hata kidogo. Karibu vyuo vyote vinamwaga wanafunzi wake kati ya Julai na Septemba. Wa chuo kikuu, wa stashahada, wa cheti, wa uhasibu, wa uhandisi, wote wako barabarani na bahasha za kaki wiki zilezile, wakigonga milango ileile. Kuanzia Oktoba milango hiyo haigongwi na mtu. Ofisi iliyokataa wanafunzi 60 mwezi Julai ingewapokea wote kwa raha kama wangekuja watano watano kila mwezi, mwaka mzima.

Tena kazi zenyewe zina misimu. Kilombero miwa huanza kusagwa katikati ya mwaka, na kiwanda kinakimbia usiku na mchana hadi masika yanapokaribia. Masika mashamba yanakuwa tope, miwa haiingii, kiwanda kinasimama. Hapo ndipo vinu vinafunguliwa, mota zinashushwa, beringi zinabadilishwa, bodi za umeme zinasafishwa. Kwa mwanafunzi wa umakanika au umeme huo ndio mwezi wa dhahabu, kila kitu kiko sakafuni na kinaonekana tumbo. Wanafunzi wetu wakati huo wako darasani wanachora vinu ubaoni. Wanafika Julai, mashine zimeshafungwa na ziko kazini, na hakuna meneja makini atakayemruhusu mgeni kufungua hata boliti.

Hivyo hivyo kwa korosho. Mwanafunzi wa ushirika au uhasibu anapelekwa kwenye chama cha msingi Mtwara au Lindi mwezi Julai. Anakuta ghala limefagiliwa na mizani imefunikwa turubai. Minada inaanza Oktoba. Ndipo kuna kupokea mzigo, kupanga madaraja, kuandika stakabadhi ghalani, kugawa malipo ya wakulima na kujibu malalamiko yao dirishani. Mwanafunzi kwa wakati huo ameshabaindi ripoti yake. Na bwana shamba mtarajiwa anayepelekwa Dodoma au Singida mwezi Agosti anakwenda kutazama ardhi kavu, maana huko mvua ni moja na mbegu zinaingia ardhini Novemba na Desemba. Walimu wanafunzi ndio wenye afadhali, wanakuta shule zimefunguliwa, ingawa kwao tatizo ni kwamba mwalimu mwenye somo akishamwona mgeni anamkabidhi chaki na vipindi vyote, kisha haonekani tena darasani kumsikiliza.

Naomba TCU na NACTVET waviruhusu vyuo, na baadaye wavitake, kupanga fildi kwa msimu wa kazi ya fani husika. Darasa moja likiwa kazini, lingine liko karakana. Itabidi ratiba ya mitihani ibadilike na wakufunzi kama mimi tufundishe miezi tuliyozoea kupumzika. Niko tayari.

Nije kwenye uanagenzi, kwa sababu fildi peke yake haitoshi kwa kila fani, na kuna kazi ambazo wiki nane ni kuonja tu. Serikali ilitoa mwongozo wa uanagenzi na ule wa mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu mwaka 2017. Chuo cha Taifa cha Utalii, kwa ushirikiano na waajiri wa hoteli na msaada wa Shirika la Kazi Duniani, kiliendesha uanagenzi ambamo kijana anagawanya muda wake kati ya darasa na hoteli, miezi huku, miezi kule, akiwa na msimamizi anayejulikana pande zote mbili. VETA nayo imejaribu mfumo wa namna hiyo kwa kushirikiana na mafundi wa Hamburg, Ujerumani. Aina hii ndiyo naiamini kuliko zote, kwa sababu mwanagenzi anarudi darasani na maswali ya kazini, na wiki inayofuata anarudi kazini na majibu ya kuyajaribu. Mwanafunzi wa fildi anakwenda mara moja, na akirudi somo lenyewe limeshapita. Lakini programu hizi zimekuwa zikiishi kwa pumzi ya mfadhili. Ziwekeni kwenye bajeti yetu wenyewe.

Na ufungueni mlango wa karakana ndogo. Nchi hii ufundi wake mwingi hauko kwenye viwanda vyenye geti. Uko Gerezani, Keko, kwenye mitaa ya shirika la viwanda vidogo, SIDO, kwenye gereji za chini ya mwembe, ambako jenereta inafunguliwa asubuhi na kuondoka jioni ikiwa imepona. Miaka mitatu iliyopita nilimpeleka mwanafunzi kwa msuka mota mmoja wa mtaani, naye alisuka mota saba katika wiki nane. Saba! Chuo kilitaka kuikataa fildi yake kwa sababu barua ya kukubaliwa haikuwa na nembo na logibuku haikuwa na mhuri. Nilizunguka ofisi nne kuitetea. Mwenzake aliyekaa miezi miwili kwenye ofisi yenye viyoyozi akijaza jedwali la vifaa alipata alama A bila swali, kwa kuwa mhuri wake ulikuwa wa duara na ulisomeka vizuri. Fundi mfundishaji akisajiliwa kama nilivyoeleza, namba yake ya usajili ichukue nafasi ya mhuri.

Sasa niseme lile ambalo huwa hatulisemi kwenye vikao. Miaka sita iliyopita mwanafunzi wangu aliungua mkono wa kulia akiwa fildi. Alitumwa kufungua kisanduku ambacho aliambiwa kimezimwa. Hakuna aliyekuwa na ufunguo mfukoni. Bima ya afya ya wanafunzi ililipia hospitali, namshukuru Mungu. Lakini alikosa muhula mzima, alirudia mwaka, na mama yake aliacha biashara ya vitenge miezi mitatu kumhudumia. Mwajiri alisema huyu si mfanyakazi wetu. Chuo kikasema ajali haikutokea chuoni. Nilikaa kwenye kikao kile nikiwa mwakilishi wa chuo, na nikanyamaza, na najuta mpaka leo. Tulichanga wakufunzi na wanafunzi wenzake. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo na unafanya kazi tangu 2015. Naomba itamkwe wazi, kwa kanuni isiyo na tafsiri mbili, kwamba mwanafunzi akivuka geti la mwajiri kwa barua ya chuo, analindwa kama wengine walioko ndani ya geti hilo, na mchango wake mdogo ulipwe kabla hajaanza. Na asivuke geti bila buti, glovu na mafunzo ya usalama ya siku ya kwanza.

Kwa mabinti kuna hatari nyingine pia. Anayekusainia ndiye anayekupa alama, na yuko peke yake na wewe ofisini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja rushwa ya ngono na kuiharamisha, lakini binti wa miaka 20 aliye mkoa wa ugenini hajui ampigie nani ambaye hatamrudisha kwa mtu yuleyule. Nimepokea simu mbili za namna hiyo katika miaka hii, zote baada ya fildi kuisha, na nashindwa kuacha kufikiria ambazo sikupigiwa. Logibuku ya kazi itasaidia kidogo, kwa kuwa saini zitatoka kwa watu zaidi ya mmoja na kazi inaweza kurudiwa mbele ya mkufunzi. Haitoshi. Kila mwanafunzi aondoke chuoni na namba ya mtu aliye nje ya kampuni na nje ya idara yake, mwenye mamlaka ya kumhamisha siku hiyohiyo bila kumpotezea alama.

Kuhusu wanaojitolea baada ya kuhitimu nitasema machache, wenyewe wameshalisema sana. Mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu yawe na siku ya kuanza, siku ya kuisha, posho ya nauli na chakula, na barua mwishoni inayosema huyu ameweza nini. Kijana anayejitolea mwaka wa tatu mahali pamoja ni mfanyakazi asiyelipwa, na ofisi inayomtegemea inajua hivyo.

Na zile shilingi 10,000 kwa siku. Zinawafikia wenye mkopo tu. Wengi wa wanafunzi wangu wa stashahada hawanazo, ingawa mikopo ya stashahada imeanza kwa fani za kipaumbele tangu 2023. Kwa hiyo wanachagua fildi kwa kuangalia ndugu anaishi wapi: penye shangazi wa kulala kwake ndipo wanapotafuta kampuni, hata kama hapo hakuna mota hata moja. Yule binti wa masjala ndivyo alivyofika pale. Alikuwa amepata nafasi kwenye mtambo wa umeme mkoani, akaikosa kwa sababu ya kodi ya chumba cha miezi miwili, shilingi 80,000.

Nilimhamisha wiki iliyofuata kwenda kwa yule msuka mota wa mtaani. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Alisuka mota mbili, ya pili peke yake, na logibuku yake ina ukurasa mmoja tu ninaouamini.

Agosti hii naanza tena safari, Kibaha kwanza na Ifakara mwisho. Kwenye gari kuna viti viwili vya wazi, na nawaalika kwa moyo wangu wote, nyinyi wenyewe au mtakaowatuma. Njooni na viatu vya kufunika vidole, maana viwanda vingine havituruhusu kuingia bila hivyo. Tukifika, naomba tusianzie ofisini kwa meneja. Twende kwanza tukamtafute mwanafunzi alipo, tumuulize amegusa nini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkufunzi wa umeme,
chuo cha ufundi cha kati, Kanda ya Mashariki